Mita Mia Mbili: Ilani Kutoka Isiolo

Mlango wa darasa hutosha mtu mmoja kuingia na mwingine kutoka, tena kwa kupishana. Siku ya kura darasa hilohilo hujazwa meza za makarani, masanduku sita, vibanda vya kadibodi na mawakala waliobanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Halafu pale mlangoni palipo pembamba husimama askari mwenye bunduki. Ukiingia unajikunyata usiuguse mtutu. Ukitoka vilevile.

Mwaka 2022 kijana mmoja wetu alimsindikiza nyanyake kituoni. Sote humwita Akko, kama Waborana wanavyomwita nyanya. Akko hajui kusoma, na sheria inamruhusu mpiga kura wa namna yake asaidiwe na mtu anayemwamini. Lakini mjukuu alikuwa na miaka 17, hakukubaliwa, akaachwa nje. Basi msimamizi wa kituo ndiye aliyemsaidia, mawakala wakishuhudia, kama kanuni zinavyotaka. Hapo pana jambo ambalo msomi halioni: anayesaidiwa hupiga kura kwa mdomo. Akko aliinama ataje jina la mtu wake. Kabla hajalitaja akaona buti. Akazifuata zile buti kwa macho mpaka juu, akaliona bomba la bunduki, akanyamaza. Msimamizi akamuuliza mara ya pili. Akataja jina jingine.

"Yule kijana wa serikali alikuwa anasikia," aliwaambia watu wa nyumbani jioni.

Tuseme haki: yule askari alikuwa akitafuna njugu na kutazama simu. Huenda hakusikia hata neno moja. Hakumtisha mtu wala kumgusa, na ukitaka kumshtaki hutapata kosa la kuandika kwenye karatasi. Kosa ni la aliyempanga asimame pale, na la sheria iliyomwachia nafasi ya kumpanga.

Tuliotia saini ilani hii ni watu wa Isiolo: akina mama wa maziwa ya ngamia, wachungaji kutoka upande wa Merti na Sericho, walimu, vijana wa boda, wauza miraa, imamu mmoja, katekista mmoja, na polisi wawili wastaafu ambao bila wao tungeandika upuuzi mwingi. Miongoni mwetu kuna Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu. Anayeijua Isiolo anajua kwamba watu hawa kukaa jamvi moja bila mgeni rasmi na bila bahasha ya nauli ni habari tosha. Jina la vuguvugu bado hatujalipa. Tulipoanza tu kulitafuta walijitokeza wenyeviti watatu, tukaona bora tuliache.

Tunachodai kinasemeka kwa pumzi moja: Bunge litunge sheria itakayotaja, kwa mita, umbali kati ya silaha na sanduku la kura. Sisi tunasema mita 200.

Mtu wa Nyeri au wa Kakamega anaweza kushangaa. Kwao askari wa kituoni ni sehemu ya mapambo ya siku, kama utepe na wino. Lakini kila jamii ilikutana na serikali kwa mlango wake. Kuna waliokutana nayo shuleni, kuna waliokutana nayo zahanati. Sisi ilitujia na lori. Sheria ya mkoloni ya 1934 juu ya wilaya maalum iliwapa maafisa wake uwezo wa kukamata watu na mali ya kabila zima lililohesabiwa kuwa adui. Uhuru ulipokuja hatukuufaidi hata mwezi: Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na sheria zake hazikuondolewa mpaka 1991. Vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga, vilipokuwa vimepamba moto, Waborana wa Waso walisukumwa kambini Garba Tulla na Merti, mifugo ikaisha kwa risasi na kwa njaa. Wazee huuita wakati huo Gaf Daaba, siku za kusimamishwa. Akko alikuwa binti mdogo kambini. Mlango wenye askari anaujua tangu utotoni, na hakuna elimu ya uraia ya siku mbili hotelini itakayoufuta.

Wala bunduki hazikuwa za serikali peke yake. Wadi ya Wabera katikati ya mji wetu inalibeba jina la Daudi Dabasso Wabera, DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, aliyeuawa kwa risasi Juni 1963 pamoja na Haji Galma Dida walipokuwa katika safari ya Modogashe. Tunalitaja hili ili asitokee mtu wa kudai kwamba tunasimulia nusu ya hadithi.

Kuna jambo moja linalotukera na kutuchekesha kwa pamoja. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba uchaguzi wa wabunge ukifanyika mjini, wanajeshi waliopiga kambi hapo wahame, wakae umbali wa maili mbili au zaidi, mpaka kura ziishe. Maili mbili! Waingereza walikuwa wanaujua ukweli huu karibu miaka 200 kabla ya kutuletea ile sheria ya 1934. Kwao jeshi lihame mpiga kura apumue. Kwetu mtu apumue jeshi likimruhusu. Marekani nayo ina sheria iliyoanzia mwaka 1865, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, ya kukataza wanajeshi na watu wenye silaha walio chini ya serikali kuu wasiwekwe mahali pa kupigia kura, isipokuwa kuwafukuza maadui wenye silaha. Sheria hiyo ingali hai. Mbunge atakayetuambia jambo hili ni geni duniani amechelewa karne tatu.

Na hapa nchini hatukosi ushahidi. Wenye umri wanaukumbuka mlolongo wa 1988, watu wakipanga foleni nyuma ya picha za wagombea wa KANU, na maafisa wa utawala wakihesabu. Foleni fupi ilitangazwa ndefu mchana kweupe, mbele ya watu waliosimama ndani ya ile ndefu. Hakuna aliyebisha kwa sauti, kwa kuwa aliyekuwa akihesabu ndiye bosi wa waliobeba silaha.

Halafu ikaja 2007. Hapa tunaomba msomaji asikimbie. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ule, iliandika kwamba maafisa wa Polisi Tawala wapatao 1,600 walikusanywa Embakasi, wakapewa mafunzo, wakapakiwa kwenye mabasi wakiwa wamevaa kiraia, wakapelekwa hasa Nyanza wakawe mawakala wa upande wa serikali vituoni. Habari ikavuja, mabasi yakasimamishwa na umati, na baadhi ya maafisa wakauawa hata kabla ya siku ya kura. Mmoja wa wastaafu wetu huinamisha kichwa kila hadithi hii inapotajwa. Anasema: wale vijana hawakuomba kwenda. Walipewa amri, na amri ya polisi haijadiliwi. Kama kungekuwa na mstari mmoja tu wa sheria unaosema afisa wa usalama hawezi kutumwa kituoni kwa kazi nyingine yoyote, angalau wangekuwa na kitu cha kumwonyesha mkubwa wao. Tume hiyohiyo ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi.

Kwa hiyo anayedhani ilani hii ni ya kuwachukia polisi aisome upya aya iliyotangulia. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 4, 2013 polisi waliuawa Mombasa na Kilifi wakiwa kazini. Askari naye ni mtoto wa mtu. Siku ya uchaguzi hulala kwenye sakafu ya darasa, hula anachopewa na wenyeji, na asubuhi huambiwa asimame mlangoni bila kuelezwa mipaka ya kazi yake. Akiwekewa alama ya mita 200 na karatasi inayosema "usivuke mpaka uitwe", atakuwa na kinga dhidi ya mwanasiasa atakayemnong'oneza.

Sheria zilizopo zinasemaje? Katiba, kifungu cha 81, inataka uchaguzi usio na vurugu wala vitisho, kwa kura ya siri. Kifungu cha 239 kinavikataza vyombo vya usalama visipendelee chama wala kuhujumu msimamo halali wa kisiasa wa mtu yeyote. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamwadhibu anayevitumia vyombo hivyo kumshurutisha mpiga kura. Maneno mazuri yote. Lakini yanamngoja mtu afanye kosa. Kwa Akko hakuna aliyefanya kosa, na kura ilipotea. Kanuni za uchaguzi za 2012 zenyewe zinamtaja polisi aliye kazini miongoni mwa wanaoruhusiwa kuwa kituoni. Umbali wa bunduki yake tumeutafuta humo hatukuuona. Ajabu ni kwamba mwananchi wa kawaida hupangiwa umbali kila uchaguzi: piga kura, nenda nyumbani, usirande karibu na kituo. Asiye na kitu mkononi anapimiwa hatua; mwenye bunduki anajipimia.

Mapendekezo yetu ni haya. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri, saa moja kabla vituo havijafunguliwa, hadi Fomu 34A ya matokeo ya urais ibandikwe mlangoni, mtu yeyote mwenye silaha ya moto asikaribie kituo kwa chini ya mita 200. Tunaposema yeyote tunamaanisha polisi wa kawaida, Polisi Tawala, GSU, askari wa wanyamapori, wa misitu na wa magereza ambao huongezwa siku hiyo, askari wa akiba, na mlinzi wa mheshimiwa aliyekuja kupiga kura na msafara wa magari matano. Langoni wabaki askari wawili, rungu basi, wa kupanga foleni. Darasani wasiingie. Kila mmoja awe na jina au namba kifuani na uso wake uonekane. Mahakama Kuu ilikwisha kuliamuru jambo hili Agosti 2024 kwa ajili ya maandamano, na hatuoni kwa nini kura ipewe heshima ndogo kuliko maandamano.

Kukitokea hatari, anayeita ni msimamizi wa kituo, si OCS, si chifu, si mgombea. Aandike kwenye shajara ya kituo saa aliyoita, sababu, na saa askari walipoondoka. Mawakala watie saini, na nakala ibandikwe kando ya matokeo. Shajara hiyo ipo tayari, tunaongeza ukurasa tu. Sababu ya kuvuka mstari iwe moja: shambulio, au tishio la shambulio linaloonekana kwa macho. Maneno kama "hali tete" na "taarifa za kijasusi" tumeyakataa kwa kura ya mikono, kwa sababu sisi wa kaskazini tumeishi miaka 28 ndani ya maneno ya namna hiyo. Na adhabu impate aliyetoa amri. Konstebo wa miezi sita kazini asifanywe mbuzi wa kafara.

Kuhusu jeshi, tumegundua shimo ambalo tungependa wanasheria walitazame. Isiolo ni mji wa makambi. Mtoto wetu huijua honi ya lori la jeshi kabla hajaijua kengele ya shule. Katiba, kifungu cha 241, inasema jeshi likitumwa kurejesha amani ndani ya nchi lazima Bunge la Taifa liidhinishe. Lakini kifungu cha 102 kinasema muda wa Bunge unakwisha siku ileile ya uchaguzi mkuu. Basi siku ambayo tunaihitaji sana idhini hiyo, mwenye kuitoa anafunga virago. Na tumekwisha kuona jinsi mlango wa pembeni unavyofunguliwa: Juni 25, 2024 jeshi liliitwa kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali, idhini ya wabunge ikafuata kesho yake. Tunataka sheria iseme wazi kwamba siku tatu kabla ya kura na siku tatu baada ya matokeo, wanajeshi wabaki kambini, na dharura za mafuriko au mashambulizi kutoka nje ya mipaka ziorodheshwe kwa majina.

Hatukukubaliana kwa kila jambo, na hatutaki kujifanya. Suala la askari wa akiba, wale tunaoendelea kuwaita homugadi, lilitukalisha mpaka adhana ya alasiri. Bunduki ya homugadi ni ya serikali, lakini mkono ni wa jirani. Mturkana akimwona homugadi wa Kiborana kwenye foleni haoni serikali, anaona kisima kilichogombaniwa mwaka jana. Na Mborana akimwona wa Kiturkana au wa Kisamburu, hali ni hiyohiyo. Wengine walitaka silaha hizo zirudishwe stesheni siku mbili kabla. Mchungaji mmoja wa Cherab akasimama akasema, "Mwizi wa ng'ombe naye anaijua kalenda." Tukanyamaza. Mwishowe tumekubaliana homugadi walinde maboma na visima, wapige kura wakiwa wameacha silaha kwa wenzao, kwa zamu. Kuna wanachama wanne ambao hawajaridhika na saini zao ziko pembeni, na maelezo.

Usafirishaji wa masanduku pia ulituchosha. Toka Merti hadi mjini ni kama kilomita 200, giza limeingia, barabara unaijua mwenyewe. Hapo tunataka bunduki, tena nyingi. Sharti letu ni kwamba mawakala wapande gari lilelile lenye sanduku, na nafasi zao zitengwe mapema. Mwaka mmoja gari lilijaa askari, mawakala wakaambiwa watafute lifti.

Atatokea wa kusema: je, al-Shabaab? Swali ni la haki, na ndugu zetu wa Mandera, Wajir na Garissa wana makaburi ya kulijibu. Lakini anayevamia kituo hatokei ndani ya kibanda cha kadibodi. Hutokea porini au barabarani. Ulinzi wa maana ni ule unaotazama nje, ukiwa mbali kiasi cha kumwona adui kabla hajafika. Askari aliyebanwa kwenye fremu ya mlango, mgongo kwa pori na uso kwa wapiga kura, analinda nini? Swali hili tuliwauliza wastaafu wetu wawili. Mmoja alicheka. Mwingine alichora duara mchangani kwa fimbo, akaweka jiwe katikati, akasema, "Tulifundishwa hivi. Tukitumwa kura tunafanya kinyume."

Tunatazama majirani pia, na hatulali vizuri. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Zanzibar, na watu kama 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, kwetu Kenya. Oktoba 29, 2025 Watanzania walikwenda kupiga kura. Siku hiyohiyo risasi zikalia, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Na hapa kwetu, Kisumu ya Agosti 2017, mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa rungu na polisi nyumbani kwao, akafa. Tukumbuke kwamba lilikuwa rungu. Mita 200 hazingemwokoa yeye, na tusiwadanganye watu kwamba sheria moja inatibu kila kitu. Hii yetu inatibu mlango.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Njia tuliyoichagua ni ombi rasmi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119, ambacho kinampa kila mtu haki hiyo bila kuhitaji mbunge wa kumshika mkono. Nakala itapelekwa kwa Tume ya Uchaguzi, kwa Inspekta Jenerali, na kwa wabunge wetu wa Isiolo Kaskazini na Kusini, ambao tutawauliza hadharani kama wanaunga mkono au la, na jibu tutalisoma sokoni siku ya mnada. Hatuchukui pesa za mgombea. Hatumpigii mtu debe. Mwanachama akichukua fomu ya chama chochote anaondoka kwenye jamvi siku hiyo, tunampa chai ya kumuaga.

Kabla ya ombi kuna kazi ya miguu. Tutapita katika wadi zote 10, kuanzia Bula Pesa na Burat hadi Oldonyiro na Kinna, tupime kila kituo: mlango una upana gani, foleni hupita wapi, mita 200 zinaishia wapi, ni kwenye mgunga, dukani au msikitini. Kuna shule ambazo mita hizo zitaangukia uani kwa mtu, na hizo tunataka kuzijua sasa, si asubuhi ya kura. Ramani zitachorwa kwa mkono na kuambatishwa kwenye ombi.

Tunaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi. Asiyejua kuandika aje, wino wa kidole gumba upo. Akko amesema atakuja, mradi kuwe na kivuli na kiti. Mjukuu wake, ambaye sasa ana kitambulisho, ndiye mshika kamba. Ni ya kufungia ngamia, tumeipiga fundo kila baada ya mita 10.